Nguruwe wa mahafali anakula pumba, na mimi sijahitimu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 29. Kwetu ni Mufindi, upande wa mashamba ya chai, ila naishi Mbeya ambako nasoma shahada ya uzamili. Miaka miwili ya masomo imeisha, wa tatu umeanza, na humo ndimo nilimozama.

Baada ya shahada ya kwanza nilikaa miaka miwili bila ajira, mchana najitolea kufundisha sekondari ya kata, jioni napiga tuisheni. Baba akasema, "Kama hawakutaki na moja, nenda kachukue ya pili." Mkopo sikupata. Baba akauza ekari mbili za paini alizopanda kwa mkono wake. Miti ilikuwa na miaka tisa. Wewe ni mtu wa Nyanda za Juu, unajua miti ya miaka tisa haijawa mbao. Mnunuzi aliiona shida, akataja bei anayoitaka yeye, na Baba akapokea.

Masomo ya darasani nilimaliza yote, sina sapu hata moja. Nimekwama kwenye utafiti. Nafanya kuhusu wakulima wa viazi na masoko yao. Barua ya chuo ilikwenda kwa Katibu Tawala wa mkoa, ikashuka kwa Mkurugenzi wa halmashauri, kwa mtendaji wa kata, kwa mtendaji wa kijiji. Nilipofika na dodoso mkononi mvua zilishaanza, watu wote wako shambani. Nikasubiri. Nilipopata data, msimamizi wangu akasafiri. Aliporudi mwezi wa nane akanirudishia sura ya nne imejaa kalamu nyekundu, uchambuzi wote nirudie. Seneti ya chuo ilipopitisha majina ya wahitimu, langu halikuwemo.

Sasa kosa langu. Mwezi ule ule wa nane Baba alipiga simu akauliza, "Kwa hiyo Desemba unavaa joho?" Nikajibu, "Ndiyo, Baba." Mpaka leo sijui kwa nini. Nadhani sauti yake ilikuwa na furaha sana.

Kuanzia hapo, Shangazi, mambo yamekwenda bila mimi. Kaka mkubwa alifungua kundi la WhatsApp la sherehe. Baba mdogo wa Dar ametoa laki mbili, shangazi wa Makambako laki moja, hadi juzi imefika milioni moja na laki moja na ushee. Mama na mama wadogo wameshona vitenge vya sare. Nguruwe amenunuliwa tangu Septemba, anakula pumba. Baba ni mzee wa kanisa, amemwomba Mchungaji ibada ya shukrani tarehe 26, na mwaliko umeshatangazwa. Alitaka kuja Mbeya kwenye mahafali yenyewe, nikamwambia kadi za waalikwa zimeisha. Siku ya mahafali nilijifungia geto nimezima simu. Jioni nilipoiwasha nikakuta jumbe 64 za pongezi.

Rafiki yangu anasema dawa ipo. Kuna wapiga picha wanakodisha joho, elfu ishirini tu, napiga picha, naenda nyumbani, tunakula sherehe. Halafu nawasilisha tasnifu yangu kimyakimya mwakani, nani atajua? Au nisiende kabisa, niseme nimeitwa kwenye usaili Dodoma.

Mama ana presha, naogopa kumuua. Mdogo wangu wa kike, aliyemaliza kidato cha sita mwaka jana, yeye anasubiri zamu yake tu.

Nishauri, Shangazi. Silali.

Mwana wa Mufindi, Mbeya


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na kamwene. Barua yako nimeirusha foleni. Nimeipitisha mbele ya barua za watu waliogombana na wifi zao, ambazo zinaweza kusubiri hadi Februari maana ugomvi wa wifi hauchachi. Yako ina tarehe.

Tuanze na joho, nilitoe njiani. Huyo rafiki yako ana moyo mzuri na akili fupi. Picha ile haitakaa kwenye simu. Baba yako ataipeleka Mafinga ikasafishwe kubwa, itiwe fremu, itundikwe sebuleni juu ya kochi. Kila utakapoingia kwenu itakuwa inakutazama. Na mwakani, utakapohitimu kweli, utamwalika nani? Joho la halali utalivaa peke yako kama mwizi, kwa sababu nyumbani walishakula nguruwe wa joho la kukodi. Halafu cheti huwa na tarehe. Mzee anayeuza paini kumsomesha mtoto ataomba kukiona hicho cheti, atakishika kwa mikono miwili na kukisoma neno kwa neno, mpaka mwaka ulioandikwa. Utamwambia chuo kilikosea?

Na la Dodoma ni baya kuliko la joho. Hapo utamwacha mzee wa kanisa amesimama mbele ya usharika wake, akimshukuru Mungu kwa jambo ambalo halijatokea, na kiti cha mwenye sherehe kitupu.

Sasa nikuambie ninachokiona mimi. Umechanganya vitu viwili kwenye gunia moja ndiyo maana halibebeki. Kuna kuchelewa, na kuna uongo. Kuchelewa kwako hakuna ajabu yoyote. Nenda kahesabu mlioanza pamoja, uone wangapi majina yao yalisomwa siku ile. Tasnifu inakwamisha watu wazima wenye kazi na magari. (Ingawa na wewe, mwana wa mkulima, unakwendaje kuwauliza wakulima maswali kurasa sita wakati mvua za kwanza zimeshuka? Mwezi huo hata mama yako asingekujibu.) Kama mwezi wa nane ungesema, "Baba, bado, nimerudishiwa sura ya nne," angeguna, angeuliza mara mbili tatu, yangeisha. Ulikuwa na sentensi moja ya kusema. Sasa zimekuwa arobaini, na kila laki inayoingia kwenye lile kundi inaongeza nyingine.

Unakwenda nyumbani wiki hii. Usisubiri tarehe 23, kwanza utasafiri umesimama hadi Makambako, pili utakuta nyumba imejaa wageni na hutapata pa kumtoa mzee pembeni. Panda basi la asubuhi, mchana uko Mafinga, jioni uko kwenu.

Usimwambie kwa simu. Na usimtumie mama. Najua desturi yetu, habari nzito kwa baba hupitia kwa mama, au kwa baba mdogo, na mara nyingi nawashauri watu hivyo hivyo. Safari hii sikushauri. Uongo huu hukumtuma mtu kuusema, uliusema mwenyewe kwa mdomo wako, sikioni mwa baba yako. Ukimpitishia mama, kwanza unampandisha hiyo presha unayoiogopa, pili unamfanya abebe siri usiku mzima kitandani akiwa amelala na mumewe. Presha ya mama haitaharibiwa na ukweli kama itakavyoharibiwa na kuusikia kanisani, au kutoka kwa binti wa jirani anayesoma chuo chako, maana yupo, hakuna kijiji Mufindi kisicho na mtoto Mbeya. Mama aambiwe siku hiyo hiyo, baada ya baba, na baba akiwepo, na uhakikishe amemeza dawa yake asubuhi.

Kwa baba, nenda naye shambani. Desemba hii mahindi yanataka palizi, hivyo hutahitaji kutafuta sababu. Amka naye, chukua jembe, shika mstari wa pembeni yake. Wanaume wa kwetu ukiwakalisha kwenye kochi ukawaambia "Baba, nina mazungumzo," wanageuka baraza la kata. Mikono ikiwa na kazi masikio hufunguka. Baba yangu mimi, ambaye hakuwahi kuzungumza na mtoto zaidi ya dakika tano, alinieleza habari zote za ujana wake tukipalilia, na hakuna hata mara moja aliponitazama usoni.

Maneno yawe machache. "Baba, sijahitimu. Darasani nimemaliza, nimebakiza tasnifu. Niliporudishiwa kazi mwezi wa nane nilijua sitavaa joho Desemba, na ulipopiga simu nikakudanganya. Lile la kadi za mahafali nalo lilikuwa uongo." Basi. Usianze na msimamizi aliyesafiri, usianze na mtendaji wa kijiji. Hayo ni ya kweli na siku yake ipo, lakini ukiyatanguliza yatasikika kama mtu anayetafuta wa kugawana naye kosa. Ukishasema, nyamaza. Huenda akaendelea kupiga jembe mstari mzima bila kukujibu. Mwache amalize mstari. Huenda akafoka, au akakuambia uondoke machoni pake. Ondoka, kalale kwa baba mkubwa, rudi asubuhi na jembe.

Begi lako liwe na karatasi. Beba matokeo yako ya semesta zote na ile sura ya nne yenye kalamu nyekundu, tena beba tasnifu nzima iliyochapwa, kama ilivyo. Baba yako hatasoma uchambuzi wako, ila atapima unene kwa mkono. Swali litakalomsumbua usiku ni moja, nalo si joho. Atajiuliza kama miti ile ilikwenda kwenye kitu, au ilikwenda kwenye pombe na wasichana wa Mwanjelwa. Karatasi ndizo zitakazomjibu.

Na tafadhali usimwahidi kumrudishia miti. Naona kabisa ulimi wako ukijiandaa kusema, "Baba, nikipata kazi nitakununulia shamba." Mimi nimekulia Njombe, nyumba yetu ilijengwa kwa miti, najua hesabu yake. Ile paini ingeachwa miaka mingine tisa au kumi ingekuwa mbao, na yeye alijua hivyo siku alipokubali bei ya yule mnunuzi. Alishakata shauri. Ukianza kuahidi fedha ambayo huna utakuwa umerudi kule kule mwezi wa nane, unamwambia kinachomfurahisha.

Nikija kwenye lililonikera zaidi katika barua yako, utashangaa, si uongo wako kwa baba. Umeandika habari za nguruwe, vitenge, laki za baba mdogo, jumbe 64. Mdogo wako wa kike umempa sentensi moja, tena ya mwisho, tena umeweka "tu". Anasubiri zamu yake tu. Mwanangu, zamu hiyo nani aliipanga? Amemaliza kidato cha sita mwaka jana, amekaa nyumbani mwaka na nusu, anapalilia, anachota maji, analisha nguruwe wako. Kwa sababu uliwaambia unahitimu Desemba, hesabu ya nyumba nzima ilikaa hivyo: kaka amalize, dada aanze. Ulipodanganya mwezi wa nane hukumdanganya baba peke yake. Huenda mwezi ule ule nyumbani wangekaa wakatafuta njia nyingine ya kumpeleka msichana, hawakukaa, kwa kuwa walijua wewe umemaliza.

Kwa hiyo yeye naye anahitaji kuambiwa, kwa heshima, si kwa kupitia. Mkae wawili jikoni. Umwombe radhi kwa hilo la miezi hii. Kisha fanya kitu ambacho wewe unaweza na wengine pale nyumbani hawawezi: umshughulikie maombi. Kaa naye na vyeti vyake, mwone anastahili shahada au stashahada, na chuo gani. Bodi ya Mikopo, ambayo zamani stashahada haikuwa yake, tangu mwaka wa masomo 2023/2024 inakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika baadhi ya fani. Muangalie kama yake imo, na tarehe za dirisha la maombi, na mapema mkusanye cheti cha kuzaliwa na nyaraka nyingine, maana wengi wa vijijini hukosa mkopo kwa karatasi kabla ya kukosa kwa sifa. Wewe umeshayapitia haya. Na mbele ya baba useme kwamba ekari nyingine ikiuzwa, ni ya dada. Mimi hapo ndipo nitakapojua umekua.

Sherehe haina ugumu unaoudhani. Baba akishajua, mwombe ruhusa uandike mwenyewe kwenye lile kundi. Si kaka, si yeye, wewe. Mistari minne: sijahitimu, nilidanganya, naomba radhi, anayetaka mchango wake arudishiwe aseme. Baadhi watataka, na wana haki, warudishiwe bila kununa. Shangazi yako wa Makambako atakupigia simu akulie kwa saa nzima, mimi namjua bila kumjua. Mchungaji aambiwe mapema atoe jina lako kwenye ratiba. Wachungaji wameyaona makubwa kuliko hayo. Nguruwe aliwe Krismasi, hajafanya kosa lolote.

Nabakiza chuo, na hapa ninakuogopea zaidi kuliko hata huko shambani. Watu wakishaaibika hivi hurudi geto wakajifungia, wakafungua ile sura ya nne mara moja kwa wiki na kuifunga. Kabla hujapanda basi, nenda ofisi ya masomo ya uzamili, kabla nao hawajafunga kwa sikukuu, uulize mambo matatu na upate majibu kwa maandishi: muda wako wa usajili unakwisha lini, kuongeza muda kunalipiwa kiasi gani, na majina ya wahitimu wajao yanapaswa kuwa yamekamilika lini. Baba atakapouliza "sasa lini?" umpe tarehe iliyotoka ofisini, si iliyotoka kwenye moyo wako. Msimamizi mwandikie barua pepe fupi, mwombe siku moja ya Januari ya kukutana, na umwambie utakuja na nini mkononi. Naye ana familia, ana sikukuu, usitegemee akujibu tarehe 24 usiku.

Na huko nyumbani usidai chumba cha kusomea. Asubuhi palilia. Mvua zetu hupenda kushuka mchana, na ikishashuka hakuna anayekutafuta. Saa hizo ni zako hadi jioni. Chaji kompyuta asubuhi umeme ukiwepo. Ukikatika, unayo ile sura iliyochapwa, pitia maoni moja moja kwa kalamu, andika pembeni umejibu nini. Vijana wenzako watakuita kwenye ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ndiyo msimu wake. Nenda siku moja, watakucheka, ucheke nao, urudi mapema.

Kuna tarehe 26. Ibada itakuwepo, ni siku ya pili ya Krismasi. Nenda ukakae benchi la kwenu, karibu na baba, hata kama hajaanza kukusemesha. Na wale mama wadogo waambie vitenge wavivae hivyo hivyo. Vimeshashonwa.